Kikombe cha Mwenyekiti Kwenye Meza ya Miaka Hamsini

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Msije mkahangaika kuitafuta. Na atakayeona inafanana na ya kwao, aangalie vizuri, maana ya kwao itakuwa na bendera inayopepea, na hii yangu bendera yake ilipelekwa kufuliwa na mpaka leo haijarudi.

Katika nchi hiyo kulikuwa na wizara nyingi, lakini iliyopendwa na wakubwa kuliko zote ni Wizara ya Mambo Yajayo. Zamani palikuwa pia na Wizara ya Mambo Yaliyopo, ila ilifutwa kwa sababu haikuwa na amani. Kila siku watu wako mlangoni: bomba halitoi, mtoto anaumwa, kivuko kimekatika. Wizara ya Mambo Yajayo haikuwa na kero za namna hiyo. Mambo yake yote yalikuwa njiani yanakuja, na kitu kilicho njiani huwezi kukilalamikia mpaka kifike.

Wizara hiyo ilitaka kila mji uwe na Mpango wa Miaka Hamsini, na mpango uhuishwe kila baada ya miaka mitano. Mwanzoni mipango iliandikwa kwenye karatasi, ikaleta matatizo, maana waliojua kusoma waliisoma. Ndipo ikatungwa Sheria ya Meza. Kila mji utengeneze meza kubwa, juu yake uoneshe mji utakavyokuwa, nyumba kwa nyumba, mti kwa mti. Siku Waziri atakapokuja, chochote atakachokikuta mezani kitapigwa mhuri na ndicho kitakachokuwa mji. Kisichokuwepo mezani hakitakuwepo duniani. Na mtu atakayeweka mezani kitu kisichohusika atashtakiwa kwa kuchafua mambo yajayo, kifungo miaka mitatu.

Mimi nilikuwa mhudumu katika ofisi ya mji mdogo wa Mtunguleni. Kazi yangu ilikuwa chai na vumbi.

*

Meza ya Mtunguleni ilitengenezwa kwa madawati kumi na sita ya shule ya msingi. Wanafunzi waliyaleta wenyewe vichwani, wakiimba. Juu ya meza, shule yao iliwekewa madawati mapya mia mbili yaliyochongwa kwa njiti za kiberiti, kwa hiyo watoto waliorudi kukaa sakafuni walijua kabisa kwamba wanakaa sakafuni kwa sababu nzuri.

Nyumba zilikuwa maboksi ya kiberiti. Barabara za lami zilikuwa selotepu nyeusi ya mafundi umeme. Hospitali ya rufaa ilikuwa boksi la vidonge vya maumivu, na lilikuwa boksi la mwisho pale zahanati. Muuguzi aliomba walau abakishiwe vidonge, wachukue boksi tupu. Ikashindikana. Boksi likiwa tupu feni ilikuwa inaiangusha hospitali. Misitu ilikuwa sponji langu la kuoshea vyombo, likakatwa vipande thelathini, na tangu hapo nikawa naosha vikombe kwa mkono mtupu.

Msimamizi wa meza alikuwa Afisa Mipango, Bwana Lwitiko, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni na haraka nyingi.

"Stumai," akaniambia, "vumbi kila asubuhi. Lakini usisogeze kitu. Ukigusa boksi moja na kitambaa chako umehamisha ukoo mzima."

"Nimeelewa, Bwana Lwitiko."

"Umeelewa au unaitikia tu?"

"Vyote viwili."

Siku ya pili nikiwa nafuta vumbi nikafika kwenye pembe ya meza iliyo upande wa feni. Hapo ndipo palitakiwa pawe Bondeni. Bondeni ni nyumba arobaini na tatu kando ya chemchemi, na chemchemi hiyo ndiyo inayonywesha Mtunguleni yote, kwa sababu mabomba tuliyowekewa na mpango uliopita yanatoa upepo, tena kwa zamu. Nyumba ya tatu ukitokea kwenye maji ni ya Bibi Mwavita, mama wa mama yangu, aliyenilea. Nikaangalia. Hapakuwa na nyumba wala chemchemi. Palikuwa na boksi la sabuni, na pembeni yake kisoda cha chupa, cha rangi ya bluu.

"Bwana Lwitiko, samahani. Hapa si Bondeni?"

"Hapo ni Kituo cha Mapumziko ya Viongozi Wastaafu na Wanaotarajia Kustaafu. Hicho kisoda ni bwawa la kuogelea."

"Na watu wa Bondeni?"

"Watahama siku saba baada ya mhuri."

"Kwenda wapi?"

Akaitazama meza kwa huzuni ya kitaalamu. "Si unaona mwenyewe ilivyojaa?"

"Na bibi yangu je?"

"Ana miaka mingapi?"

"Themanini na mmoja."

Akachomoa kalamu ya tatu, akaandika kwenye kiganja. "Mpango unakamilika baada ya miaka hamsini. Wakati huo bibi yako atakuwa na mia moja thelathini na mmoja. Tumelizingatia hilo, Stumai. Usifikiri tumemsahau."

Nikamshukuru, nikaendelea na vumbi. Lakini moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala. Nchi hiyo ilikuwa na tabia moja: kujenga kulichelewa miaka, ila kubomoa hakukuwahi kuchelewa hata nusu saa. Mashine pekee iliyokuwa nzima mjini kwetu ni tingatinga.

*

Sheria ilitaka pia maoni ya wananchi. Maoni yalikusanywa siku ya Jumanne ukumbini. Yalikuwa yamechapwa tangu Jumatatu ili watu wasicheleweshwe. Mwananchi alikuwa anaingia, anapewa biskuti mbili, anatia sahihi kwamba amesema, anatoka.

Mwenyekiti wa mji, Mheshimiwa Kapalata, alikaa mbele na kikombe chake. Hapa lazima nikieleze hicho kikombe. Kilikuwa cheupe, kikubwa kama kopo la kuogea, na mkono wake ungetosha kuingiza vidole vya watu wawili. Alizawadiwa kwenye kongamano. Alikuwa hawezi kufikiri bila hicho kikombe, na akiwa nacho alikuwa anakunywa. Ofisini kwetu palikuwa na mwiko kwamba kikombe cha mkubwa hakiondolewi mpaka mwenyewe atoke chumbani, kwani kumwondolea kikombe ni kumwambia ondoka. Mhudumu aliyenitangulia alikiondoa siku moja kikiwa na chai kidogo, kesho yake akapangiwa kazi dampo.

Basi siku hiyo ya maoni, Bibi Mwavita alipofika mbele akakataa biskuti.

"Mwenyekiti mwanangu, mimi nina neno."

"Neno lako lipo, bibi. Ukurasa wa pili."

"Nisomewe basi, nijue nilisema nini."

Bwana Lwitiko akasoma: "'Sisi wakazi wa Bondeni tumefurahi kupita kiasi, na tunaomba tuhamishwe mapema.'"

Ukumbi ukacheka. Bibi akangoja watu wamalize.

"Huyo siye mimi," akasema. "Mimi naomba tangi. Maji ya chemchemi yanamwagika bure usiku na mchana. Tujengewe tangi, sisi tubaki palepale tuyalinde, mji mzima unywe."

"Bibi," Mwenyekiti akasema kwa upole, "tunazungumzia maono ya miaka hamsini. Tangi siyo maono. Tangi ni tangi."

"Kwa hiyo mwanangu hapo unakunywa maono?"

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na biskuti. Mwenyekiti akakigeukia kikombe chake, akamgeukia karani. "Andika. Bibi ametoa maoni."

Karani akaandika hivyo hivyo: bibi ametoa maoni. Ni maoni gani, hapakuwa na nafasi.

*

Zikabaki wiki tatu Waziri aje. Ndipo wakubwa walipoanza kuja kutafakari.

Aliyeanza ni Mwenyekiti. Alikuja saa saba mchana, watu wakiwa wameenda kula. "Stumai, hebu nipishe. Nataka kutafakari mji."

Nikatoka. Niliporudi, barabara ya lami ilikuwa imepinda ikapita mbele ya banda lake la kuku. Banda lenyewe nalo, ambalo jana halikuwepo mezani, lilikuwa limeota.

Kesho yake akatafakari Bwana Lwitiko, na stendi ya mabasi ikahamia kwenye kiwanja cha mke wake. Keshokutwa akatafakari mhandisi, halafu mkuu wa afya, halafu madiwani wawili kwa pamoja, ambao walitafakari kwa kusukumana mpaka nikasikia meza inalia. Mwisho wa wiki ya pili barabara ya Mtunguleni ilikuwa na kona kumi na moja, na kila kona ilikuwa na mwenyewe. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwa kuifuata hivyo hivyo ilivyokwenda. Sikusema. Sikuulizwa.

Jambo moja tu lilinifanya nisimamishe kitambaa. Mwenyekiti alikuwa na kawaida ya kusimama upande wa feni, na alipotafakari sana alikuwa anakitua kikombe popote. Asubuhi moja nikakuta duara la chai limekauka mezani, jirani na boksi la sabuni. Nikalowesha kitambaa nilifute. Bwana Lwitiko akanishika mkono.

"Wewe! Unafuta nini?"

"Alama ya kikombe."

Akainama, akalipima lile duara kwa rula, akainuka macho yanang'aa. "Hii siyo alama ya kikombe. Hii ni kipilefti, mzunguko wa magari. Mwenyekiti ameweka kipilefti, na sisi wataalamu hatukuwaza!"

"Mbona hapo hakuna barabara, Bwana Lwitiko?"

"Ndiyo maana ya maono."

Mwenyekiti alipoletewa pongezi kwa ajili ya kipilefti, alishangaa kidogo, akakohoa, akasema wazo hilo lilikuwa linamsumbua muda mrefu. Duara likawekewa na mnara katikati, njiti moja ya kiberiti.

Siku hiyo nilipofika nyumbani Bondeni nikakuta milango yote arobaini na mitatu imechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Bibi Mwavita alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchicha. Mlango wake ulikuwa na X kubwa kuliko ya wengine, kwa sababu alimwambia mchoraji aipake vizuri isije ikadhaniwa ni ya mtoto.

"Umeshindaje, mjukuu wangu?"

"Salama, bibi."

"Unashinda na hiyo meza kila siku. Hawakusikii?"

"Mimi ni wa chai na vumbi, bibi. Nani anisikie?"

"Chai wanakunywa lakini?"

"Wanakunywa."

"Haya." Akarudi kwenye mchicha wake.

Nikakaa naye mpaka mchicha ukaisha. Halafu nikamwomba kitu kimoja: siku ya Waziri avae khanga yake nzuri, aje mapema, akae upande wa feni. Na akisikia mtu anauliza swali ambalo wakubwa wanashindwa kulijibu, asione aibu kuwasaidia.

*

Waziri wa Mambo Yajayo alifika Alhamisi saa nne, akiwa na magari tisa na mtu maalumu wa kubeba mhuri. Wananchi kumi na wawili waliruhusiwa kuingia chumba cha meza kwa ajili ya kupiga makofi. Bibi Mwavita alikuwa wa kwanza.

Waziri akahutubia kwanza. "Ndugu wananchi! Tulikotoka ni mbali. Tulipo, sina taarifa zake. Lakini tuendako nimepaona, na niwaambie ukweli, kuna kivuli!"

Makofi. Mwenyekiti Kapalata alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, jasho linamtoka. Nikamwonea huruma. Mtu hawezi kufikiri bila kikombe chake. Nikampelekea. Nilikijaza mpaka mdomoni, chai ya maziwa, imetoka jikoni saa ileile, ya moto kiasi kwamba huwezi kuibugia. Alinishukuru kwa macho. Nikaondoka na trei yangu, na sikukawia, kwa sababu kwenye ratiba niliyoibandika mwenyewe ukutani kilichofuata kilikuwa wimbo wa taifa.

Wimbo wa nchi ile una beti tisa. Ukianza, kila mtu mikono chini, imenyooka, na aliyeshika kitu anahesabiwa kwamba hajaipenda nchi. Bendi ikapiga. Mwenyekiti akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia trei yangu ambayo ilishafika mlangoni. Kisha akafanya alichozoea kufanya. Akakitua.

Boksi la sabuni likasema pwaa. Kituo cha Mapumziko kikalala chali chini ya kikombe, na kile kisoda cha bluu kikaruka, kikabiringika kwa kufuata kona za barabara kama kinaijua njia, kikaenda kutulia juu ya banda la kuku.

Tulisimama beti zote tisa tukikitazama kikombe kinavyofuka. Wimbo ulipokwisha Waziri alikuwa ameshainamia meza, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Ni kikombe cha mkubwa, na mkubwa bado yumo chumbani.

Waziri akapiga mhuri shule. Akapiga mhuri hospitali, vidonge vikalia ndani. Akaisifia barabara, akasema amezunguka dunia hajaona lami yenye ushirikishwaji kama ile. Akafika upande wa feni.

"Na hili?"

Mwenyekiti akafungua mdomo. Angesema ni kikombe chake, angekuwa amechafua mambo yajayo, miaka mitatu. Angesema si chake, kila mtu pale alikuwa anakijua. Akaufunga.

"Nauliza, hili kubwa jeupe ni nini?"

"Ni tangi, baba," akasema Bibi Mwavita. "Tangi la maji la Bondeni. Tuliomba kwenye maoni."

Karani, Mungu ambariki, akafunua daftari. "Ni kweli, Mheshimiwa. Imeandikwa hapa. Bibi ametoa maoni."

"Naam!" Mwenyekiti akapata sauti, mpaka tukaogopa. "Maoni ya wananchi, Mheshimiwa! Sisi Mtunguleni maoni tunayasikiliza sana!"

Waziri akachungulia ndani. "Maji yake yana rangi nzuri."

"Yana madini," akasema Bwana Lwitiko.

"Mbona yanatoa mvuke?"

"Ni ya moto, Mheshimiwa. Kufikia mwaka huo mwananchi atakuwa anafungua bomba anakuta ya moto."

"Hongereni. Na hiki cha pembeni, kilichopinda?"

Bwana Lwitiko akapapasa kalamu zake zote nne. Mhandisi akatazama dari.

"Ni cha kushikia, baba," akasema bibi. "Mafuriko yakija, watu washike hapo."

Waziri akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu aliyeguswa. "Miaka yote niliyofanya kazi hii," akasema, "ni mara ya kwanza naona mji unaowaza mafuriko." Akapuliza mhuri wake, akaukandamiza ubavuni mwa kikombe, mara mbili. "Na wanaoishi pale?"

"Tunalinda maji, baba. Tuliomba tubaki."

"Wabaki. Andika: asihamishwe mtu." Akageuka huku na huku. "Ila nami niliahidiwa bwawa. Nastaafu mwakani. Bwawa langu liko wapi?"

Akaliona mwenyewe, la bluu, juu ya banda la kuku. Akafurahi kuona liko karibu na lami, akalipiga mhuri.

*

Kuku mia nne wa Mwenyekiti walihamishwa siku ya saba, saa mbili kamili asubuhi. Tingatinga halikuchelewa.

Kikombe hakijaondolewa mezani mpaka leo. Kina mhuri, kwa hiyo ni mji. Mwenyekiti siku hizi ananywea glasi, na akitaka kufikiri anakuja kusimama karibu nacho tu, anakiangalia. Chai ilikauka, ikaacha utando. Inzi mmoja amefia humo, na Bwana Lwitiko ameandika wizarani kuuliza kama alikuwemo siku ya mhuri.

Ujenzi ulianza mwaka uliofuata. Walianza na mkono wa tangi, kwa sababu ndio uliotoka vizuri kwenye picha. Umesimama Bondeni, wa zege, umepinda, una urefu wa nyumba mbili, haujashika kitu. Kibao chake kinasema *Tangi la Maji ya Moto Mtunguleni, Awamu ya Kwanza*. Wanawake wanaokuja chemchemini wanatundika khanga zao pale, na Bibi Mwavita amefungia hapo kamba ya kuanikia. Alama ya X mlangoni kwake amekataa isifutwe. Anasema imemzoea.

Juzi tulikuwa tumekaa kizingitini, yeye na kata ya maji, mimi na miguu iliyochoka. Akautazama ule mkono wa zege.

"Stumai, hilo tangi likimalizika si litatufunika nyumba zote hizi?"

"Litafunika, bibi."

"Sasa tutakwenda wapi?"

"Halitamalizika."

"Una uhakika gani wewe?"

"Bibi," nikamwambia, "mimi ndiye ninayelifuta vumbi kule mezani."

Akacheka, akaninywesha maji.